Chuo Kilianza Lini? Somo kwa Wanaotafiti Historia ya Chuo Chao



Ndugu majandokasisi, wanafunzi wa vyuo na waamini wa parokia zetu, somo letu safari hii linahusu kazi ambayo mara nyingi huachwa mpaka jubilei ibishe hodi. Kamati huundwa, kijitabu hutakiwa baada ya wiki tatu, na mtu mmoja hupewa jukumu la kuandika "historia fupi ya chuo". Huchukua hotuba ya jubilei iliyopita, huongeza majina ya wakuu wa chuo waliofuata na picha ya jengo jipya, basi kazi imekwisha. Siku ya sherehe kijitabu hugawiwa. Mzee aliyechimba msingi wa jengo la kwanza naye hupewa nakala. Hufunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, asijione.

Huenda kijitabu hicho hakina uongo hata mmoja. Shida yake ni kwamba kimewaacha watu. Katika somo hili tunataka kuonyesha jambo moja: historia ya chuo ni ya wote waliokibeba. Wanafunzi wanaowatafuta watu hao, wakawauliza, wakayapima waliyoyasikia, kisha wakawarudishia walichokiandika, wanafanya kazi ya kitaaluma na wakati huohuo wanatenda haki.

Mifano yetu mingi tutaitoa Lushoto na milima ya Usambara. Eneo hilo limekuwa na vyuo na shule za kila namna: Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, seminari ndogo ya Soni, shule ya wasichana ya Kifungilo, na chuo kikuu kilichoanzishwa na ndugu zetu Walutheri huko Magamba. Hicho cha Magamba ndicho tutakachokitaja zaidi. Si cha Kikatoliki, nasi tumekichagua tukilijua hilo. Ni rahisi zaidi kujifunza utaratibu wa kazi kwa kutazama nyumba ya jirani, ambako hatuna haja ya kujisifu wala kujitetea, kisha tukarudi kutazama nyumba yetu.

1. Swali linaloonekana jepesi

Mwanafunzi akiambiwa aandike historia ya chuo, swali lake la kwanza huwa: chuo kilianza lini? Tuone jinsi swali hilo lilivyo gumu.

Huko Magamba, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilianzisha chuo mwaka 2007, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini. Kilipewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, na wengi walikijua kwa kifupi cha SEKUCo. Mwaka 2012 kikawa chuo kikuu kamili, na kifupi kikabadilika kuwa SEKOMU. Je, chuo kikuu hicho kilianza 2007 au 2012?

Tutazame na kwetu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998 chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Lakini pale Nyegezi, Mwanza, mafunzo yalikuwa yameanza mwaka 1960, wakati Askofu Joseph Blomjous alipoanzisha taasisi ya mafunzo ya kijamii. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Masomo ya sheria yalianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake.

Hakuna tarehe ya uongo kati ya hizo. Kila moja inajibu swali lake. Moja inasema ni lini watu walianza kufundishwa mahali hapo. Nyingine inasema ni lini mamlaka ilikitambua chuo, na nyingine ni lini kilipata jina lake la sasa. Kosa la waandishi wengi ni kuchagua tarehe moja, ama ile inayokifanya chuo kionekane kikongwe ama ile iliyo kwenye cheti, kisha kuzifuta nyingine. Ushauri wetu ni kuziandika zote, na kando ya kila moja kueleza ni tarehe ya jambo gani.

Hapa pana faida nyingine ya kiutendaji. Majina yakibadilika, nyaraka hujificha chini ya majina ya zamani. Anayetafuta karatasi za SAUT za miaka ya 1970 atafute Nyegezi. Anayetafuta habari za Lushoto katika nyaraka za Wajerumani atafute Wilhelmstal, kwa kuwa ndilo jina walilouita mji huo. Mlalo ataikuta ikiitwa Hohenfriedeberg. Na akizungumza na wazee wa huko atasikia Shambaai mahali ambapo ramani inasema Usambara. Basi kabla ya kuingia kwenye nyaraka, tengenezeni orodha ya majina yote ambayo chuo na mahali pake vimewahi kuitwa.

2. Mizizi iko nje ya uzio

Hatua ya pili ni kuvuka uzio wa chuo. Chuo hakioti peke yake. Kuna sababu kilijengwa pale na si kwingine, na kuna sababu kilichagua kufundisha jambo hili na si lile.

Chuo cha Magamba kilijulikana mapema kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu, yaani walimu wa watoto wenye ulemavu. Mwanafunzi mdadisi atauliza: kwa nini elimu maalumu, na kwa nini huku milimani? Akiinua macho ataona kwamba si mbali na hapo, Irente, Walutheri wana shule ya watoto wasioona. Akienda mbali zaidi atafika Lutindi. Huko mwaka 1896 Wajerumani walianzisha makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na baadaye mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa hospitali za kwanza za namna hiyo katika Afrika Mashariki.

Je, kuna uzi unaounganisha Lutindi, Irente na Magamba? Inawezekana. Lakini mtafiti haruhusiwi kuufunga uzi huo kwa kukisia. Anatakiwa kutafuta mihtasari ya vikao vilivyoamua masomo ya chuo, awaulize waliokaa katika vikao hivyo, na awaulize walimu wa kwanza walitoka wapi. Swali zuri ni mali, lakini bado si jibu. Tunalisisitiza hili kwa sababu vijitabu vingi vya jubilei hupendeza kwa mambo ambayo hakuna aliyeyathibitisha.

Wanaotafiti taasisi za Kikatoliki katika milima hiyo nao wana njia ndefu ya kurudi nyuma. Watrapisti walifika Gare mwaka 1897. Wabenediktini wana Sakharani, karibu na Soni. Warosmini walifanya kazi kwa miaka mingi katika eneo lililokuja kuwa Jimbo la Tanga, ambalo lilipata hadhi ya jimbo mwaka 1958. Kila shirika lilikuwa na lugha yake na namna yake ya kuandika kumbukumbu. Anayetafiti seminari au shule ya eneo hilo ajue kwamba huenda ukurasa anaouhitaji uko katika nyumba ya shirika huko Ulaya, umeandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza, na kwamba barua moja ya heshima kwa mtunza nyaraka wa shirika inaweza kumfungulia mlango.

Kuna pia vipindi ambavyo karatasi zinanyamaza. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Usambara mwaka 1916, Waingereza waliuchukua mkoa huo, na baadaye wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Vita ya pili ilipozuka, waliokuwa wamerudi wakakamatwa tena. Walioshika daftari wakawa wameondoka, na taarifa za kwenda Ulaya zikapungua. Lakini ibada hazikukoma wala watoto hawakuacha kufundishwa. Kazi iliendelea mikononi mwa walimu na makatekista wenyeji, ambao wengi wao hawakuwa na mtu wa kumwandikia taarifa. Mtafiti akikuta pengo katika nyaraka, asiandike kwamba "kazi ilisimama". Aulize: nani aliibeba wakati huo, na wajukuu wake wako wapi?

3. Waliotutangulia katika kazi hii

Usambara ina bahati. Historia yake imeandikwa kwa Kiswahili tangu zamani. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na kufanya kazi karibu na watawala wa huko, aliandika Habari za Wakilindi, na misheni ya Kianglikana ya Magila ikaichapa kwa sehemu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ilitolewa tena kama kitabu kimoja mwaka 1962. Humo mna habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka nje, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, na hatimaye akawekwa kuwa mtawala Vuga. Mna pia habari za Kimweri ye Nyumbai na vita vilivyofuata baada ya kifo chake.

Kitabu hicho kinatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtu anaweza kuandika historia kubwa kwa kusikiliza. La pili, aliyekaa karibu na watawala husikia zaidi sauti za watawala. Katika miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, alikaa Usambara akiwasikiliza wazee wa koo mbalimbali, na mwaka 1974 akachapisha kitabu juu ya ufalme wa Washambaa. Hakuridhika na simulizi moja ya Mbegha. Alizilinganisha nyingi, akauliza kila moja inamfaidi nani. Simulizi ya chuo nayo ndivyo ilivyo: mkuu wa chuo husimulia habari za vibali na wafadhili, mwalimu habari za vitabu vilivyopungua, mpishi mwaka ambao mahindi hayakufika. Wote watatu wanazungumzia chuo kilekile.

Wanafunzi nao wana mfano wao hapahapa Tanzania. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walitumwa katika wilaya za kusini, wengi wao makwao, kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya vita vya Majimaji. Vita hivyo vilianza mwaka 1905, miaka 63 kabla. Kijana aliyekuwa na miaka 12 wakati huo alikuwa sasa na miaka 75. Wangechelewa miaka kumi tu, wengi wa mashahidi hao wangekuwa makaburini. Waliokusanya ushahidi huo hawakuwa maprofesa. Walikuwa vijana wa shahada ya kwanza, na kazi yao inatumika hadi leo.

Sisi Wakristo tuna mfano wa juu zaidi. Mwinjili Luka, anapofungua Injili yake (Lk 1:1-4), anamweleza Theofilo jinsi alivyofanya kazi. Anataja waliojaribu kuandika kabla yake, anawataja walioona kwa macho, anasema amechunguza tangu mwanzo, na anaeleza kwa nini ameamua kuandika kwa mpangilio. Imani yetu haikuona haya kutegemea mashahidi waliohojiwa. Na Kumbukumbu la Torati 32:7 inawaagiza vijana wawaulize baba zao na wazee wao juu ya siku za kale.

4. Mdomo, karatasi na jiwe

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mashahidi wa historia ya chuo ni wa aina tatu, na kila mmoja ana nguvu na udhaifu wake.

Mdomo. Tunaanza na watu kwa sababu karatasi inaweza kungoja, lakini mzee hawezi. Tengenezeni orodha: wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waashi, wapishi, walinzi, madereva, masista waliosimamia zahanati, waliotoa au kuuza ardhi, makatekista wa jirani. Nendeni wawili wawili. Msalimieni mzee ipasavyo, jitambulisheni, elezeni kwa nini mmekuja na maneno yake yatatumikaje. Ombeni ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kurekodi. Akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe.

Maswali yawe ya kumsaidia kukumbuka. Ukimwuliza, "Mzee, chuo kilianza lini?" atakupa tarehe aliyoisikia kwenye hotuba. Afadhali kumwuliza: "Shikamoo mzee. Ulipoanza kazi hapa, rais alikuwa nani? Gari lilikuwa linafika wapi? Mawe yalitoka wapi, na mlikuwa mnalipwa kwa siku au kwa wiki? Nani alikuwa anapika?" Kumbukumbu za watu zimefungwa kwenye matukio: Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mwacheni azungumze lugha anayoipenda. Akisema Kishambaa, rekodini Kishambaa, andikeni Kishambaa, kisha ndipo mtafsiri. Neno moja la lugha yake linaweza kubeba jambo ambalo Kiswahili kitalipunguza.

Karatasi. Mihtasari ya vikao, barua za usajili, orodha za wanafunzi na picha zenye maandishi nyuma ni vya kutafutwa kwanza. Lakini msisahau daftari za hali ya chini: daftari la malipo ya vibarua, daftari la stoo, daftari la wageni. Mara nyingi ni huko tu majina ya wafanya kazi wadogo yalikoandikwa. Nje ya chuo kuna Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, zenye mafaili ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza, na kuna nyaraka za jimbo na za parokia.

Hapa Mama Kanisa ametuwekea utaratibu mzuri. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, iwe na mahali pa kuvihifadhi, na vitabu vya zamani navyo vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 491 inamtaka Askofu awe na nyaraka za kihistoria jimboni. Mwaka 1997 Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Kanisa ilitoa barua maalumu ikieleza kwamba utunzaji wa nyaraka ni sehemu ya uchungaji. Jandokasisi anayelisoma hili leo ndiye paroko wa kesho. Vitabu vinavyoliwa na mchwa kabatini vitakuwa mikononi mwake.

Jiwe. Majengo, makaburi, mabamba ya uzinduzi, miti iliyopandwa, njia za miguu. Jiwe la msingi lina tarehe na jina la mgeni rasmi, lakini si jina la fundi mwashi. Tarehe yake ni ya sherehe. Masomo yanaweza kuwa yalianza miaka miwili kabla, chini ya mti au katika ukumbi wa kuazima.

Kazi halisi ya mtafiti ni kuwakutanisha mashahidi hao watatu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja aliyekuwa mpishi hakumbuki mwaka aliouanza kazi, lakini anakumbuka kwamba kifungua mimba wake ndiyo kwanza alikuwa anaingia darasa la kwanza. Mtoto huyo alibatizwa akiwa mchanga katika parokia ya jirani. Kwa ruhusa ya mama na ya paroko, tunatazama kitabu cha ubatizo, tunapata mwaka wa kuzaliwa, tunaongeza miaka saba. Tumeukaribia mwaka aliouanza kazi. Kisha tunafungua daftari la malipo la mwaka huo na wa pili yake, tukitafuta jina lake. Tukilipata, mdomo na karatasi vimekubaliana. Tusipolipata, hatumwiti mama mwongo. Tunauliza kama wapishi wa kwanza walikuwa wakilipwa kwa unga na chumvi badala ya fedha, na kwa hiyo hawakuandikwa. Wakati mwingine kukosekana kwa jina kunatupa habari nzito kuliko jina lenyewe.

5. Vishawishi vitatu

Cha kwanza ni sifa. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chuo kinachojisifu katika kila ukurasa hupoteza uwezo wa kujirekebisha. Papa Francisko, katika barua yake ya tarehe 21 Novemba 2024 juu ya kufundisha upya historia ya Kanisa, aliwahimiza hasa wanaojiandaa kwa upadre wasilitazame Kanisa kama la malaika. Alitaka tulipende Kanisa lililopo kweli, lenye madoa na makunyanzi, na tuzitafute sauti za wale ambao hawakupata nafasi ya kusikika. Tukilipenda Kanisa namna hiyo, hatuwezi kukipenda chuo kwa namna nyingine.

Cha pili ni woga. Yapo mambo mazito. Wakati wa Wajerumani, katika wilaya ya Wilhelmstal, wanaume waligawiwa kadi zilizowalazimu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mtafiti akikuta kwamba ardhi au barabara fulani ina historia ya namna hiyo, aruke ukurasa? Papa Leo XIII, aliyewafungulia watafiti nyaraka za Vatikano mwaka 1881, alikumbusha miaka miwili baadaye kwamba mwanahistoria asithubutu kusema uongo, wala asiogope kusema kweli. Hata hivyo ukweli una adabu yake. Siri za kitubio haziguswi kamwe. Faili za nidhamu, habari za wagonjwa na nyaraka za siri za jimbo si uwanja wa mwanafunzi. Uvumi juu ya mtu aliye hai si historia. Tofauti ni hii: tunayanyamazia yasiyotuhusu, lakini hatuyafichi yaliyowaumiza watu kwa sababu tu yanatuaibisha.

Cha tatu ni haraka. Kunakili aya kutoka intaneti huchukua dakika tano, na kosa lililomo huingia kwenye kijitabu, kutoka kijitabuni huingia kwenye hotuba, na baada ya miaka kumi linakuwa "historia rasmi". Kazi ya kweli ianze miaka miwili kabla ya jubilei, si wiki tatu.

6. Kuwarudishia wenyewe

Wanafunzi wengi hufikiri kazi imekwisha wakipata alama. Sisi tunasema bado nusu. Wazee walitoa muda na kumbukumbu zao, na wengine walitoa machozi. Kuchukua na kwenda zako ni kuvuna shamba usilolilima.

Kwanza, kabla ya kuchapa, rudini kwa kila mliyemhoji mkamsomee sehemu inayomhusu. Asiyejua kusoma asomewe polepole, kwa lugha yake. Atasahihisha, na mara nyingi ataongeza jambo ambalo siku ya kwanza hakulisema kwa kuwa alikuwa bado hajawaamini.

Pili, wekeni nakala mahali zaidi ya pamoja: maktaba ya chuo, ofisi ya parokia, nyaraka za jimbo. Sauti zilizorekodiwa zisibaki kwenye simu ya mwanafunzi mmoja ambaye atahitimu na kuondoka nayo. Kila rekodi iandikwe jina la msimulizi, mahali, tarehe na masharti aliyoyatoa.

Tatu, isimulieni kwa njia ambazo watu wanazitumia: katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, baada ya Misa kwa ruhusa ya paroko, shuleni, na katika onyesho dogo la picha ambako wazee wenyewe wanasimama kando ya picha zao na kuwaeleza wajukuu. Mara nyingi picha moja isiyo na majina huwakusanya watu watano, na kabla hawajatawanyika majina yamepatikana.

Nne, majina ya waliobeba mawe yaandikwe. Kama kuna bamba la mgeni rasmi, pana nafasi ya bamba la mafundi.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Chuo au seminari yetu ina "tarehe za kuanza" ngapi? Kila moja ni tarehe ya jambo gani?
2. Ni nani watatu waliofanya kazi hapa ambao majina yao hayapo katika kijitabu chochote? Nani kati yetu anajua wanakoishi?
3. Vitabu vya zamani vya parokia yetu viko wapi, na viko katika hali gani?
4. Kuna jambo gani katika historia yetu ambalo huwa tunaliruka? Tunaliruka kwa sababu ya adabu au kwa sababu ya woga?

Kazi ya mwezi huu

Kila kundi la wanafunzi wanne limtafute mtu mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 aliyefanya kazi katika taasisi yetu au jirani yake. Mtembeleeni mara mbili: mara ya kwanza kusikiliza, mara ya pili kumsomea mlichoandika. Msizidi kurasa nne. Nakala moja mpeni yeye, na nyingine ipelekwe kwa paroko. Mkimkuta ni mgonjwa, ahirisheni maswali. Mchotieni maji, salini naye, mrudi siku nyingine.